Sindano ya kupunguza uzito: madhara yake nayapimaje mbele ya presha na sukari inayoninyemelea?

Mama wa Tabata

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu wanaolijua jambo hili kwa kulisomea au kwa kulipitia, kwa sababu nimelizungusha kichwani kwa miezi miwili na bado sijapata pa kushika.

Nina umri wa miaka 43, kilo 104, na urefu wangu ni sentimita 162. Dawa ya presha ninakunywa mwaka wa nne sasa. Mwezi wa tano nilipima sukari ya miezi mitatu, ile ya HbA1c, ikasoma 6.2, na daktari akaniambia kwamba hicho bado si kisukari ila nimeshafika mlangoni. Mama yangu mzazi alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari na hakuishi zaidi ya miaka miwili baada ya hapo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsafisha kidonda kila alfajiri kabla sijatoka kwenda kazini, kwa hiyo ninaposema kwamba ninauogopa ugonjwa huo, sizungumzii jambo la kuhadithiwa.

Nimeacha soda, chapati na wali wa usiku. Mwaka juzi nilikuwa nikitembea kila jioni na nikapungua kilo saba, lakini mama alipozidiwa nikaacha kutembea, zikarudi zote na mbili za ziada. Daktari amenitajia sindano za semaglutaidi na kunitaka nikafikirie. Wakati huohuo mwenzangu wa ofisini anadungwa na mwanamke mmoja anayeuza dawa hizo kwa simu, na kusema kweli amepungua, nguo zake zote zimekuwa kama za kuazima. Jirani yangu naye alijaribu, akatapika siku tatu mfululizo mpaka akalazwa.

Ninauliza mambo mawili. Ni madhara gani ambayo mtu anaweza kuyabeba, na ni yapi ya kukimbia? Na kwa mtu wa hali yangu, je, hatari ya dawa inazidi hatari ya kubaki nilivyo?

Mfamasia wa Kinondoni

Pole kwa msiba wa mama, dada yangu. Nitaanza na namna dawa inavyofanya kazi, kwa sababu ukishaielewa, madhara mengi hayatakushangaza.

Utumbo wetu hutoa homoni iitwayo GLP-1 baada ya kula. Homoni hiyo huiambia kongosho itoe insulini, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na huupelekea ubongo habari ya shibe. Ya mwilini hudumu dakika chache tu. Semaglutaidi imetengenezwa ili iige kazi hiyo lakini ikae mwilini kwa muda mrefu, kiasi kwamba baada ya wiki moja nusu yake bado ipo, na ndiyo maana mtu hudungwa mara moja kwa wiki. Sasa tumbo lililocheleweshwa ndilo linaloleta shibe, na tumbo hilohilo ndilo linaloleta kichefuchefu. Vilevile, ukipatwa na madhara leo huwezi kuitoa dawa mwilini kesho, kwani huchukua takriban wiki tano baada ya sindano ya mwisho hadi iishe.

Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha watu 1,961 kwa wiki 68, waliotumia semaglutaidi walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, na waliodungwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Kwako wewe hiyo ni kama kilo 15. Asilimia 44 ya waliopewa dawa walipata kichefuchefu, karibu theluthi moja waliharisha, robo walitapika, na karibu idadi kama hiyo walipata choo kigumu. Hata hivyo, walioacha kwa sababu ya matatizo ya tumbo walikuwa asilimia 4.5 tu, kwa kuwa kwa wengi hali hiyo huja pale dozi inapopandishwa kisha hutulia. Hayo ndiyo ninayoyaita madhara ya kubebeka, kwa sharti kwamba dozi ipandishwe taratibu: huanzia miligramu 0.25, hukaa hapo wiki nne, ndipo huenda 0.5, kisha 1, kisha 1.7, na 2.4 mwishoni, kila ngazi wiki nne. Mtu anayekuahidi kwamba utapungua haraka kwa kuanza na dozi kubwa anakupeleka hospitali, na sitashangaa nikisikia kwamba yaliyompata jirani yako yalitokana na hilo.

Ya kukimbia ni haya. Maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni na yasiyotulia yanaweza kuwa dalili ya kuvimba kwa kongosho; ni nadra, lakini huua, na mtu anapoyapata anaacha dawa siku hiyohiyo na kwenda hospitali. Mawe kwenye mfuko wa nyongo si nadra kiasi hicho: katika utafiti niliokutajia, matatizo ya nyongo yaliwapata asilimia 2.6 ya waliotumia dawa na 1.2 ya wasioitumia. Kupungua haraka, hata bila dawa, nako huzaa mawe hayo. Kuna pia tatizo la jicho, ambapo mshipa wa fahamu wa kuonea hukosa damu ghafla. Katikati ya mwaka 2025 wadhibiti wa dawa wa Ulaya walihitimisha kwamba semaglutaidi inaweza kulisababisha kwa mtu mmoja kati ya 10,000 hivi. Na kama katika ukoo wenu kuna mtu aliyepata saratani ya tezi ya shingoni, ile tezi inayovimba mtu akiota rovu, hasa aina iitwayo medula, basi usiiguse kabisa. Onyo hilo limetokana na majaribio ya panya na kwa binadamu halijathibitishwa, lakini sioni sababu ya wewe kuwa wa kujaribia.

Nikija kwa yule muuzaji wa simu, nitasema bila kupindisha maneno: hapo ndipo hatari yako kubwa ilipo. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia (Ozempic ni jina la kibiashara la semaglutaidi) zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Nchini Austria, mwaka 2023, watu walilazwa baada ya sukari yao kushuka ghafla, na mamlaka za huko zilisema huenda ndani ya kalamu za kujidungia walizouziwa kulikuwa na insulini. Na dawa ya kichupa inayovutwa kwa bomba la sindano ina hatari yake ya pekee hata kama ni halisi, kwa sababu mtu huchanganya miligramu na mistari ya bomba. Wadhibiti wa Marekani walieleza mwaka 2024 kuhusu watu waliojidunga mara 5 hadi 20 ya dozi waliyokusudia.

Bado sijataja joto. Kalamu isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, bila kugandishwa. Ozempic ikishafunguliwa hudumu siku 56, ila isizidi nyuzi 30, na sisi tunaoishi Dar tunajua chumba chenye bati la moto kinafika wapi mwezi wa pili umeme ukikatika. Muulize muuzaji yeyote dawa yake ililala wapi tangu iliposhuka kwenye ndege. Asipojibu papo hapo, umeshapata jibu.

Bi. Mbagala

Mimi nimeitumia miezi minane, kwa cheti cha daktari, nikatoka kilo 98 hadi 81. Nitaeleza niliyoyaona kwa macho yangu.

Mwezi wa kwanza sikusikia kitu isipokuwa chakula kuisha hamu. Nilipopandishwa dozi mara ya pili, jioni moja nilipakua wali na maharage kama kawaida yangu, na tonge la nne likasimama kifuani, halishuki wala halipandi. Nikajilazimisha kumaliza kwa sababu nimelelewa kwamba chakula hakitupwi. Usiku ule nilitapika mpaka nyongo. Asubuhi nikapanda daladala kwenda kazini hivyohivyo, na kufika Mtoni kwa Azizi Ally nikaomba nishushwe, nikakaa chini pembeni ya muuza maji kwa sababu miguu ilikataa. Nilitundikiwa dripu chupa mbili siku hiyo. Daktari alinirudisha dozi ya chini kwa mwezi mzima, akanifundisha kula nusu ya sahani, polepole, kuacha vitu vya mafuta kama chipsi na sambusa, na kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa hata bila kiu. Tangu hapo sikutapika tena.

Mwezi wa sita nikapata maumivu chini ya mbavu za kulia, ultrasaundi ikaonesha mawe kwenye nyongo, na nimeshafanyiwa upasuaji. Jambo ambalo ningependa uliweke akilini ni kwamba niliwaambia mapema madaktari wa usingizi kwamba ninatumia sindano hii, nao wakabadilisha maandalizi yao, kwa kuwa tumbo linaweza kuwa bado na chakula hata baada ya kufunga usiku kucha, na chakula hicho kikapanda na kuingia mapafuni mtu akiwa amelala. Ukiitumia, mwambie kila daktari, hata wa meno.

Niliacha kwa sababu ya fedha. Katika miezi saba zimerudi kilo tisa. Njaa ilirudi kwa kishindo wiki ya tano au ya sita hivi, njaa ambayo nilikuwa nimesahau kwamba ipo. Hilo nalo lihesabu kuwa sehemu ya madhara, maana hakuna aliyeniambia kabla.

Kaka wa Sinza

Ninawaheshimu wote waliotangulia, lakini nina wasiwasi na kasi hii. Mwaka 1997 dawa za kupunguza uzito zilizokuwa zikipendwa sana Marekani ziliondolewa sokoni baada ya kugundulika zinaharibu milango ya moyo. Sibutramini nayo iliondolewa mwaka 2010 kwa sababu ya viharusi na mshtuko wa moyo. Kila mara watu waliambiwa ni salama.

Tena njia nyingine ipo na imepimwa. Utafiti wa Marekani wa kuzuia kisukari uliochapishwa mwaka 2002 uliwachukua watu 3,234 wenye sukari kama ya dada huyu. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia saba ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, na waliopewa metformini, dawa ya zamani ya kisukari, kwa asilimia 31. Kilo saba alizopungua dada mwaka juzi zinakaribia lengo hilohilo. Kwa nini asirudi pale, na vidonge vya metformini ambavyo vinapatikana kila mahali, kabla ya kukimbilia sindano ya gharama?

Muuguzi, kliniki ya kisukari

Hoja ya kaka wa Sinza ni ya haki na haipaswi kupuuzwa, ila nina la kuongeza pande zote mbili. Dawa alizozitaja zilifanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Kundi hili la GLP-1 lilianza kutumika kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 2005, na moyo umepimwa makusudi: utafiti wa mwaka 2023 uliwafuatilia watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo au mishipa na uzito mkubwa, wasio na kisukari, kwa zaidi ya miaka mitatu. Kifo cha moyo, mshtuko au kiharusi viliwapata asilimia 8.0 ya waliodungwa sindano tupu na asilimia 6.5 ya waliopewa semaglutaidi. Yaani katika kila watu 1,000, kama 15 waliepushwa. Katika utafiti huohuo, asilimia 16.6 ya waliopewa dawa waliiacha kwa sababu ya madhara, ikiwa ni maradufu ya wale wengine. Mama wa Tabata hana ugonjwa wa moyo, kwa hiyo faida hiyo asiihesabu kuwa yake moja kwa moja.

Yake ni hii ya sukari. Miongoni mwa watu waliokuwa mlangoni mwa kisukari katika ule utafiti wa mwaka 2021, asilimia 84 ya waliopewa dawa walirudi kwenye sukari ya kawaida, na asilimia 48 ya wasiopewa. Nayo tirzepataidi, dawa ya jamii hiyo iliyo kwenye kalamu za Mounjaro, ilifuatiliwa kwa miaka mitatu kwa watu wa namna yake, na waliopata kisukari walikuwa asilimia 1.3 tu, dhidi ya 13.3 ya waliodungwa sindano tupu. Kwa mtu aliyemfunga mama yake kidonda, tofauti hiyo si ndogo. Lakini ona alivyoeleza Bi. Mbagala: watu waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutaidi walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza. Kwa hiyo, mama, unapopima hatari usiipime ya miezi sita. Jiulize kama unaweza kuigharamia na kuvumilia kufuatiliwa kwa miaka. Kama huwezi, ushauri wa kaka wa Sinza una uzito zaidi kuliko unavyoonekana.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: sehemu ya kilo zinazoondoka ni misuli. Mtu anayekula vijiko sita kwa siku, na vyote vya uji, anapungua huku akidhoofika. Dagaa, mayai, maharage na kunde viwe vya kwanza kwenye sahani, na mazoezi ya kubeba uzito, hata ndoo ya maji, yafanyike mara mbili tatu kwa wiki.

Na kama bado unaona siku zako, usishike mimba ukiwa nayo. Semaglutaidi huachwa miezi miwili kabla ya kutafuta ujauzito. Ukipewa tirzepataidi nawe unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, tumia kondomu kwa wiki nne tangu kuanza na wiki nne kila dozi inapopanda, kwa kuwa vidonge hupungua nguvu.

Mzee wa Kigamboni

Mimi ni mgonjwa wa kisukari, na nitasema dogo tu. Nilipoanzishwa sindano hiyo niliendelea na glibenklamaidi, vidonge vyangu vya kushusha sukari, kama zamani, kwa kuwa sikuwaeleza walioniandikia kwamba ninaitumia. Wiki ya tatu, nikisubiri pantoni pale Magogoni, jasho jembamba likanitoka, mikono ikatetemeka, na kijana mmoja akaninunulia soda. Nilipopimwa ng'ambo, baada ya kuimaliza soda hiyo, sukari ilisoma 3.1. Sindano peke yake haikushushi hivyo mara nyingi, lakini ikikutana na glibenklamaidi au insulini inashusha. Nenda na dawa zako zote mkononi, mwanangu, na mwenye kisukari cha muda mrefu apimwe macho kwanza, kwani sukari ikishuka kwa haraka, jicho lililokwisha kuathirika huweza kuzidi.

Mama wa Tabata

Shikamoo, mzee. Nawashukuru wote, na nimesoma kila jibu mara mbili.

Leo mchana nilimwomba mwenzangu anioneshe dawa yake. Ni kichupa kidogo chenye kizibo cha bluu. Karatasi yake ina jina la dawa na mchoro wa mwanamke mwembamba, haina namba ya toleo, haina kiwanda, na tarehe ya mwisho imeandikwa kwa kalamu ya wino. Anakiweka kwenye mlango wa friji ya ofisi, karibu na maziwa, na juzi tulikosa umeme tangu saa nne hadi saa kumi na moja. Nimemwonesha maneno ya mfamasia kuhusu mistari ya bomba, akanyamaza, kisha akaniambia kwamba hajui yeye hudungwa miligramu ngapi.

Uamuzi wangu kwa sasa ni kurudi kwa daktari Alhamisi na kumwambia ninataka metformini na matembezi kwa miezi sita, tukiwa na tarehe ya kupima tena HbA1c, na kwamba ikiwa haijashuka nitaanza sindano ya famasi kwa dozi ya chini. Fedha ya mwaka mzima nitaanza kuitenga kuanzia sasa ili nisiache katikati. Kwa mama yangu hakuna aliyejua tezi za watu wa kwao, kwa hiyo nitampigia mjomba aliyeko Korogwe nimuulize. Nina swali moja: dawa yangu ya presha ni ile ya kukojoza. Inahusiana na haya?

Muuguzi, kliniki ya kisukari

Inahusiana sana, na umefanya vema kuitaja. Dawa ya kukojoza hutoa maji na chumvi mwilini. Ukiongeza kutapika au kuharisha kwa sindano, katika jua letu, figo ndizo zinazoumia, na watu huifikiria figo mwishoni. Mwombe daktari akupime kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, Alhamisi hiyohiyo, ili mjue mnaanzia wapi, na muulize mapema kama atakubadilishia dawa hiyo iwapo utafika kwenye sindano. Kadiri uzito unavyoshuka presha nayo hushuka, kwa hiyo ukianza kuona kizunguzungu unaposimama, hiyo ni dalili ya kwenda kupimwa, wala usijipunguzie dozi mwenyewe. Dawa ya asubuhi ya Alhamisi inywe kama kawaida kabla ya kwenda kupima.